Mnara wa Babu Signali ulikuwa upande gani?

Ugomvi wetu ulianza kwenye sinia la pilau. Ilikuwa Idd el-Fitr ya mwaka 2022, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi watoto wote watatu wa mama tulikuwa nyumbani siku moja: dada yetu mkubwa, mimi wa katikati, na mdogo wetu aliyekuja na wanawe. Mmoja wa watoto hao, wa miaka saba, alikuwa amezurura hadi relini akarudi na swali. Lile zege lililoota nyasi kule ni kaburi la nani?

"Si kaburi," nikamwambia. "Hapo palikuwa na tanki la maji ya gari moshi."

"Tanki gani?" Dada akadakia. "Hapo ndipo ulipokuwa mnara wa Babu Signali." Ndivyo tulivyomwita mzee aliyeendesha signali za stesheni, zile alama za kumwambia dereva apite au asimame.

"Mnara ulikuwa ng'ambo ya reli, upande wa milima. Mrefu kuliko mwembe."

"Hakukuwa na mnara wowote," akasema mdogo wetu, bila hata kuinua macho kwenye nyama. "Kulikuwa na nguzo za signali na mitaimbo mitatu pale chini, pembeni ya stesheni. Nyie mnaota."

Mama alituacha mpaka tukachoka. Kisha akatoa la kwake. "Mimi najua kitu kimoja tu. Yule mzee alikuwa haitoi ile bangili mpaka aisomee dua."

Watu wanne tuliokula sinia moja, na hakuna wawili walioafikiana. Mimi ni fundi umeme. Hitilafu nimezoea kuitafuta kwa kushika waya upande mmoja na kwenda nao mpaka uishie, basi siku mbili za Idd zilizobaki nikazimalizia kwenye majani ya relini, na wiki zilizofuata nikamsumbua kwa maswali mzee mmoja mstaafu wa reli anayeishi Korogwe.

Kwanza mahali penyewe. Stesheni yetu ni ndogo, kwenye reli ya Tanga, baina ya Korogwe na Mkomazi. Jina naliacha, maana kijiji ni kile kile na kila mtu ana mjomba aliyewahi kufanya kazi ya reli. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, ikaingia Moshi miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Upande mmoja wa reli imesimama milima ya Usambara. Upande wa pili ni mkonge, na baada ya mkonge ardhi inateremkia mto Pangani. Nyumba yetu iko upande huu wa pili wa reli, ule wa Pangani. Pande hizi mbili msomaji azishike, kesi nzima imekaa hapo.

Nianze kwa kujihoji mwenyewe. Nilizaliwa 1979. Ninachokikumbuka ni jengo la mbao lililosimama juu angani, madirisha pande zote, na mzee ndani yake akivuta vyuma kwa mwili mzima, mguu mmoja ameutanguliza kama mtu anayevuta ndoo ya kisimani. Nyuma ya jengo naiona milima. Nakumbuka pia nyota. Usiku, kutoka barazani kwetu, palikuwa na taa nyeupe ndogo sana upande wa relini, na kila ilipozimika nilijua treni iko njiani. Nilimwambia mama nyota imezimika, naye alikuwa anaanza kufunga machungwa kwenye kapu kwenda kuuza dirishani. Halikosei hata siku moja, lile jicho. Nakumbuka pia kupanda ngazi za mnara na kuteremshwa kwa kushikwa sikio.

Ukiusikiliza ushahidi huo kwa makini, unajipinga wenyewe. Mama alikuwa na sheria chache, na ya kwanza ilikuwa kutovuka reli. Hakuna mtoto wake aliyeivuka kabla ya kufika darasa la nne bila kupata cha moto. Kama mnara ulikuwa ng'ambo, mimi niliupandaje nikiwa na miaka sita? Ama nilivunja sheria na nimesahau kipigo, jambo nisiloliamini, maana vipigo vingine vyote ninavyo kichwani kwa tarehe, ama mnara haukuwa ng'ambo.

Waya ndio ulioamua. Signali za zamani za mkono, zile nguzo zenye ubao mwekundu unaolala mlalo kumwambia dereva asimame, hazikuendeshwa kwa umeme. Ziliendeshwa kwa waya wa chuma uliotambaa kando ya reli mamia ya mita, ukipita juu ya vigurudumu vidogo vya kapi vilivyofungwa kwenye vijiti vifupi. Mtu akivuta wenzo huku, ule tuliouita mtaimbo, ubao unaondoka kwenye mlalo kule. Vijiti hivyo vilikuwa vipande vya reli chakavu vilivyomwagiwa zege miguuni, na kwa bahati wauza vyuma chakavu huwa hawana muda wa kuchimba zege. Mimi nilianzia upande wa Tanga na mdogo wangu upande wa Moshi, kila mmoja na panga lake la kufyekea. Mimi nilipata vijiti saba. Yeye alipata vinne, na kimoja bado kilikuwa na kigurudumu chake, kimeshikana kutu hakizunguki. Tulikwenda tunakaribiana, kijiti kwa kijiti, mpaka tukakutana uso kwa uso kwenye lile zege la "kaburi". Upande wa Pangani. Upande wetu.

Dada alikuwa amekaa juu ya zege hilo anakula chungwa. Hakusema kitu, na hilo lilikuwa baya kuliko kusema.

Kosa langu sasa naliona lilivyoingia. Nilikuwa nautazama mnara kutoka nyumbani, kutoka chini, nikiwa mfupi, na kila mara nyuma yake kulikuwa na Usambara. Macho yaliunganisha mnara na mlima, akili ikauhamisha mnara mpaka huko mlimani. Urefu nao ulitoka huko huko. Dada alihesabu vipandio kumi na vitatu. Ukivipa sentimita ishirini kila kimoja, sakafu ya mnara haikuwa hata mita tatu kutoka chini. Mwembe wa mama unaupita mara nne. Tena haukuwa umeinuliwa kwa fahari. Babu alihitaji kuona njia zote mbili za stesheni juu ya mabehewa, na chini ya sakafu yake kulihitajika nafasi ya vyuma.

Vyuma hivyo ndivyo vilivyonifanya nimwamini Dada kwa kila alichosema. Yeye alizaliwa 1974 na alikuwa anampelekea Babu uji wa jioni, kwa hiyo aliingia ndani. Alisema mitaimbo ilipangwa mstari mmoja, mingine myekundu, mingine myeusi, na mmoja mweupe ambao Babu hakuugusa kamwe. Alisema pia Babu alishika mitaimbo kwa kitambaa, na yeye alidhani vyuma vinachoma kwa jua. Nilipomsimulia mstaafu wa Korogwe habari ya mtaimbo mweupe alicheka mpaka akakohoa. Katika utaratibu wa reli uliotoka kwa Waingereza, wenzo mwekundu ni wa signali, mweusi ni wa kuhamisha reli pale njia zinapogawanyika, na mweupe ni wenzo usio na kazi, uliobaki bila kitu cha kuvuta. Mtoto wa miaka kumi hawezi kulibuni hilo. Na kitambaa hakikuwa cha joto. Vishikio vilikuwa chuma kilichosuguliwa kikang'aa, na jasho la mikono lingekitia kutu, hivyo mtu wa signali anayejiheshimu hakukishika mikono mitupu.

Kuna jambo jingine aliloliona bila kulielewa. Babu mara nyingine alivuta mtaimbo ukagoma, akaguna, akavuta mwingine kwanza, kisha ule wa mwanzo ukakubali. Dada alidhani ni uzee. Kumbe chini ya sakafu palikuwa na mfungano: vipande vya chuma vilivyochongwa vikateleza baina ya mitaimbo, vikamzuia mtu kuruhusu treni iingie njia ambayo reli zake hazijawekwa sawa, au kuziruhusu treni mbili zije mahali pamoja. Mwingereza John Saxby alipata hataza ya mtambo wa namna hiyo mwaka 1856. Mtu huwa anasema mashine ilimsaidia Babu. Mimi naona ilimkatalia, na mtu aliyekuwa peke yake usiku kucha alihitaji kukataliwa zaidi ya kusaidiwa.

Waya mrefu nao una tabia zake, hasa kwenye joto la bonde letu. Adhuhuri chuma hurefuka, waya unalegea, na mvuto wote wa mtaimbo unaishia kwenye ulegevu badala ya kufika kwenye ubao. Kwa hiyo Babu alikuwa na kifaa cha kuukaza. Hapo ndipo nilipopata jibu la picha niliyokuwa nayo kichwani miaka yote, ya mzee anayezungusha kitu adhuhuri kama anayesaga mahindi. Na waya ukikatika kabisa je? Kuna uzito uliofungwa kwenye nguzo, na uzito huo unaurudisha ubao kwenye mlalo. Yaani kikiharibika kitu, treni inasimama. Ningependa kila saketi ninayoitengeneza iwe na adabu hiyo.

Nyota yangu sasa. Katika kesi nzima hili ndilo jambo pekee ambalo nilikuwa sahihi na wenzangu wakanicheka. Taa ya signali humtazama dereva anayekuja. Mtu aliye stesheni yuko nyuma yake, haioni. Lakini mtu wa signali ni lazima ajue kama taa yake iliyo mbali bado inawaka, basi kifuko cha taa kilitobolewa tundu dogo kwa nyuma. Na ubao ukiondoka kwenye mlalo kuruhusu treni, kibati kinakuja kuliziba tundu hilo, ili Babu aliye gizani aone pia kwamba ubao umetii. Taa nyeupe ndogo inaonekana: simama. Imepotea: treni inakuja. Barazani kwetu tulikuwa kwenye mstari mmoja na mnara, tukila mwanga uliokusudiwa macho ya mtu mmoja.

Mama na dua yake nilimweka mwisho kwa sababu niliona ni ya kuachwa. Wazee huwatia watu dini. Lakini Dada naye akasema ni kweli, midomo ya Babu ilikuwa inacheza.

Bangili, kwa asiyeifahamu, ilikuwa kitanzi kikubwa cha chuma chenye mfuko wa ngozi. Babu alikiinua, na msaidizi wa dereva akakidaka kwa mkono treni ikipita polepole, huku akikitupa kingine. Sisi tuliamini gari moshi linavishwa bangili kama bibi harusi. Ndani ya mfuko kulikuwa na tokeni, chuma kidogo kilichokuwa ruhusa ya dereva kuingia kipande cha reli cha mbele, mpaka stesheni inayofuata. Reli yetu ni njia moja. Treni za kwenda na za kurudi zinatumia chuma kile kile, na zinapishana stesheni tu. Baina ya kila stesheni mbili kulikuwa na mashine mbili zilizounganishwa kwa waya wa umeme, moja huku na moja kule, na tokeni zote za kipande hicho zilikuwemo ndani ya mashine hizo. Ukitoa moja, zilizobaki zinafungwa pande zote mbili mpaka ile iliyotoka irudishwe, huku au kule. Dereva asiye na tokeni haondoki. Kwa hiyo treni mbili haziwezi kukutana katikati.

Haziwezi, ila mtu asiposoma. Tarehe 26 Januari 1921, kwenye stesheni ya Abermule huko Wales, wafanyakazi waliipitisha tokeni mkono kwa mkono bila yeyote kuangalia imeandikwa nini. Dereva aliyeingia nayo akarudishiwa ile ile aliyokuja nayo, tokeni ya kipande alichotoka, naye pia hakuitazama. Akaingia kipande cha mbele ambako treni nyingine ilikuwa inakuja na tokeni iliyo halali. Watu 17 walikufa. Mashine zote zilikuwa nzima.

Nilipomsimulia mstaafu yule habari ya dua, hakucheka. Aliniuliza kama Babu alikuwa amefundishwa kazi na wazee wa zamani. Kila tokeni imechorwa majina ya stesheni mbili za kipande chake, akasema, na walimu wake walimtaka ayasome kwa sauti, yote mawili, kabla mkono wake haujaiachia. Hata kama yuko peke yake. Hata usiku, na mvua, na dereva anapiga honi. Mama aliyekuwa chini na kapu lake la machungwa alimwona mzee ameinamisha kichwa juu ya chuma, midomo inacheza, kila treni, bila kuruka hata moja. Sijui neno gani lingine angelitumia. Nami nimeacha kumsahihisha.

Kuhusu mdogo wetu, nilidhani atakuwa mgumu, kumbe yeye ndiye mwepesi. Alizaliwa 1986. Mitaimbo yake mitatu ya chini ilikuwepo kweli. Mabomba yake yaliyokatwa bado yamechomoza pembeni ya stesheni. Mnara ulipoondoka, kazi iliyosalia ikaletwa kwenye mitaimbo michache iliyosimikwa ardhini. Alichoshuhudia yeye ni baada ya mnara, na kwa mtoto ulimwengu unaanza siku alipoanza kuukumbuka.

Uliondoka lini basi? Dada alikwenda kidato cha kwanza, bweni, mwaka 1988, na siku ya safari Babu alimpungia kitambaa dirishani. Aliporudi likizo ya mwisho wa mwaka 1989 ngazi zilikuwepo lakini madirisha hayakuwepo. Mimi nina usiku mmoja wa kushikilia: Juni 8, 1990, Kombe la Dunia, Cameroon ilipoifunga Argentina 1–0. Tulisikiliza redio kibarazani kwa stesheni masta, watu wazima wakikumbatiana na watoto. Nilirudi nyumbani gizani nikikimbia, nikageuka kuitafuta nyota ili niiambie habari, kitoto tu, na haikuwepo. Nilingoja treni. Haikuja treni. Kwa hiyo taa ilizimwa kabla ya Juni 1990, mbao zilianza kung'olewa mwaka uliotangulia, na sehemu ya juu ilishuka kidogo kidogo. Hakuna siku ya kubomolewa ambayo tungeikumbuka, na nadhani ndiyo maana kila mmoja alibaki na mnara wake: hakuna aliyeuona ukianguka.

Sababu si za ajabu. Treni zilipungua. Mkonge ulikuwa umeshuka bei kwa miaka mingi na mashamba mengi yamegeuka pori. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka ulipofungwa mzigo wa kupitia Kahe na Taveta kwenda Voi ukakatika kwa miaka. Mnara wenye mitaimbo mingi ni mali kwa stesheni yenye treni nyingi. Yenye treni chache inatosheka na mtu mmoja, mitaimbo mitatu na kandili. Katika miaka ya 1990 hata treni za abiria zikaacha kuja, nyasi zikafunika mataruma, na ziliporudi Desemba 2019 kijiji kizima kilitoka kutazama, wazee mbele. Mama alibeba machungwa. Aliuza yote.

Kilibaki kipande cha kioo. Dada alikuwa nacho tangu utotoni, kimekatika kwenye duara, kinene, na anaapa kilitoka kwenye signali ya upande wa Tanga baada ya mawe ya wavulana, ambao hakuwataja akinitazama mimi. Nilikuwa nimeshakipinga mara kadhaa. Signali ni nyekundu na kijani, na kioo chake ni cha bluu, bluu kabisa, ukikiweka juani kinatupa bluu ukutani. Chupa ya dawa hiyo, nikamwambia.

Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka umeme ukakatika. Mama akawasha kandili akaiweka mezani. Dada aliingia chumbani, akarudi na kopo lake la biskuti, akakitoa kile kioo akakisimamisha mbele ya mwali bila kusema neno. Moto wa mafuta ya taa ni wa njano, bluu ndani yake ni kidogo mno. Ukiupitisha kwenye kioo cha kijani hasa unatoka umefifia na kuelekea njano, kwa hiyo waliotengeneza signali waliweka kioo cha bluu wakiuachia mwali umalizie rangi.

"Kijani!" akasema yule mtoto wa kaburi.

Nikakiomba kioo, Dada akaninyima. Alikuwa anakisogeza karibu zaidi, na mwanga wa kijani ukapanda ukutani mpaka kwenye kalenda, ndipo Mama akamwambia ashushe utambi, mafuta yanakwisha.